Jibu: Vazi la arusi katika Mathayo 22

Ndugu, umeuliza kwa nini yule mgeni, katika mfano wa Yesu wa karamu ya arusi ya mwana wa mfalme, alitupwa nje kwa kukosa vazi la arusi ilhali aliitwa kutoka njiani tu. Tazama mstari wa 12: mfalme alipomuuliza, hakuwa na la kujibu. Kama umaskini ndio uliomzuia, si angesema?

Soma pia Zekaria 3, uone vazi linatoka kwa nani. Yoshua kuhani mkuu amesimama na nguo chafu, Shetani yuko kuume kwake akimshitaki, wala haambiwi akafue kwanza. Anavuliwa zile chafu, anavikwa nyingine. Isaya 61:10 nayo inasema Mungu ndiye anayemfunika mtu vazi la haki. Ila Ufunuo 19:8 inaita kitani anayovaa bibi arusi wa Mwana-Kondoo matendo ya haki ya watakatifu, na hapo wahubiri wetu wengi (samahanini) hupita haraka.