Nimeanza kula tena, mbona mwili haunisikii? Majibu kwa wasomaji

Tangu tulipozungumza hapa kuhusu matatizo ya ulaji, yaani kujinyima chakula hadi mwili unakwisha, au kula kwa pupa na kisha kujitapisha, barua nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kuvuka. Wanakula, wanataka kurudi kwenye mazoezi, na mwili unawafanyia mambo wasiyoyaelewa. Karibu wote wana hofu moja: kwamba umetaboli wao, ile kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na joto, umeharibika moja kwa moja. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo dada. Nina miaka 24, niko Dar es Salaam. Nilijinyima sana kwa miaka miwili. Sasa nakula vizuri lakini mafuta yote yanakwenda tumboni na usoni, mikono bado myembamba. Rafiki yangu anasema umetaboli wangu umekufa, nipunguze wanga. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na kwa hili usimsikilize rafiki yako hata kama anakupenda.

Ulipokuwa unajinyima, mwili wako haukujua kwamba chakula kipo sokoni na wewe ndiye uliyekikataa. Ulijua kuna njaa, basi. Ukafanya kama nyumba ambayo mshahara umekatwa nusu: kodi ya pango inalipwa, mengine yote yanasimama. Homoni za tezi ya shingo zinazouendesha mwili zikashuka. Moyo ukapiga polepole, vidole vikawa baridi, hedhi ikakatika, nywele zikanyonyoka, misuli ikageuzwa kuwa kuni. Hiyo siyo hitilafu. Mwili ulikuwa unakuokoa.

Mambo haya yaliwahi kupimwa kwa makini. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, wakawapa karibu nusu ya chakula walichozoea kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao, na kasi ya umetaboli wao ikashuka karibu asilimia 40. Kinachonigusa zaidi ni tabia zao. Hao hawakuwa na tatizo lolote la ulaji, lakini njaa ilipowakaa walianza kuwaza chakula kutwa kucha, kukusanya vitabu vya mapishi, kula tonge moja kwa muda mrefu, kununa na kujitenga. Walipoachiwa kula watakavyo, wengine walikula mpaka tumbo likauma na bado njaa haikwisha. Mafuta yalitangulia kurudi, misuli ikafuata taratibu, na ilichukua miezi mingi miili yao kutulia.

Unaona sasa? Kinachokupata kilishawapata watu wazima wenye afya zao. Kwa wanaopona kutoka kwenye kujinyima, mafuta hujikusanya kwanza kiwiliwilini, kisha hujisambaza upya kadiri mwili unavyoamini kwamba njaa imekwisha. Hilo huweza kuchukua mwaka au zaidi, na sharti lake ni moja: uzito usishuke tena. Ukikata wanga leo, unauambia mwili kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa, na utashikilia mafuta kwa nguvu zaidi. Ugali, wali, viazi vitamu, ndizi, chapati: hivyo ndivyo vitakavyokurudishia mwili wako. Kula milo mitatu na vitafunio katikati, na mchana usikae muda wa zaidi ya saa nne bila kitu tumboni. Mizani mpe mtu akutunzie. Kama uzito lazima ujulikane, apime daktari au mtaalamu wako wa lishe.

Mimi ni wa Nairobi. Nakula kuliko mume wangu, usiku naamka nimelowa jasho, na uzito hauongezeki. Niliambiwa nitanenepa haraka. Kulikoni?

Baada ya kujinyima muda mrefu, mwili ukianza kulishwa mara nyingi huchoma chakula kwa kasi kubwa ajabu. Unapata joto, unatoka jasho usiku, moyo unaenda mbio kidogo baada ya kula. Nguvu zinatumika kutengeneza upya misuli, ngozi, damu na utando wa matumbo. Ndiyo maana wanaopona huhitaji chakula kingi kuliko mtu mwingine wa kimo hichohicho, na hitaji hilo huendelea miezi kadhaa. Usipunguze. Ongeza vitu vizito vilivyo rahisi kula: karanga, parachichi, maziwa, tui la nazi kwenye mboga.

Lakini dada yangu, jasho la usiku pamoja na uzito usioongezeka lina maana nyingine pia kwetu huku. Nenda ukapimwe kifua kikuu kabla hujasema ni umetaboli, hasa kama una kikohozi au homa. Pima na tezi ya shingo na sukari. Ukikuta kote ni salama, utakula kwa amani.

Mimi ni mkimbiaji, niko karibu na Eldoret. Nilipoteza uzito mwingi ili niwe mwepesi, nikapata ufa kwenye mfupa wa mguu. Sasa nakula, lakini hedhi haijarudi kwa miezi minane sasa. Kocha anasema kwa mkimbiaji ni kawaida. Nianze mazoezi lini?

Hedhi kupotea siyo kawaida kwa mkimbiaji, na napenda kocha wako asome jibu hili pamoja nawe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014, likaboreshwa 2018 na 2023, kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Kiini chake ni hiki: mazoezi yakila nguvu nyingi kuliko chakula kinachoingia, kinachobaki hakitoshi kuendesha mwili wenyewe. Mwili unazima uzazi, unaacha kujenga mifupa, kinga inalegea, na mbio zenyewe zinaharibika. Wanaume nao hupata, ila wao hawana hedhi ya kuwaonya.

Hedhi ikikatika, estrojeni, ile homoni ya kike, imeshuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mfupa. Ule ufa ulioupata na hedhi uliyoikosa ni jambo moja, siyo mawili. Ujanani mifupa bado inaweka akiba ya maisha yote, kwa hiyo kila mwezi unaopita una gharama yake.

Kapime kwanza mimba, hata kama una hakika, kisha homoni, na kama kipimo cha uimara wa mifupa kinapatikana mjini, kifanye. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili upate damu, ujue damu hiyo inaletwa na vidonge. Haimaanishi mwili umepona, wala vidonge hivyo si dawa ya kutegemea kwa mifupa. Dawa ni chakula zaidi na kukimbia kidogo zaidi, mpaka hedhi irudi yenyewe. Mara nyingine huchukua miezi mingi hata baada ya uzito kurudi. Kunywa maziwa au mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kula dagaa wazima na mifupa yao, sukuma wiki, mayai, na ugali usiupimie.

Kuhusu lini: siwezi kukupa tarehe, na kocha pia hawezi. Ufa upone kwa ushahidi wa daktari. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu na chumvi za damu viwe sawa. Uwe unakula milo yako yote bila kusukumwa. Hapo uanze kwa kutembea na mazoezi mepesi ya nguvu, ule kabla na ule mara baada ya kumaliza, na uzito ukishuka au maumivu yakirudi, unasimama. Kukimbia kuje mwisho, na mbio za kasi zije baada ya huko.

Ukihofia kwamba ukisimama umekwisha, mtazame Molly Seidel wa Marekani. Mwaka 2016 aliacha mbio za mchujo wa Olimpiki akaingia matibabu ya tatizo la ulaji. Amelisema hadharani mwenyewe. Mwaka 2021, marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilipokimbiwa Sapporo, alishika nafasi ya tatu nyuma ya Wakenya wawili, Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei. Sikupi mfano huu ili ukafukuzie medali. Nakuonyesha kwamba kusimama ili atibiwe hakukumfungia mlango.

Nikila kidogo tu tumbo linajaa kama ngoma na chakula hakishuki. Nile nini? (Mwanza)

Tumbo likikaa muda mrefu bila kazi huwa zito. Chakula hukaa ndani saa nyingi na choo kinakuwa kigumu. Tiba yake ni kula kwa utaratibu, na kwa wengi hali hulegea ndani ya wiki chache. Kwa sasa kula kidogokidogo mara nyingi, chagua vilivyo laini: uji wenye maziwa na siagi ya karanga, mtori, wali laini na samaki. Maharage na mboga nyingi za nyuzinyuzi zisiwe sahani nzima. Achana kabisa na vidonge na chai za kuharisha. Hazipunguzi mafuta, hupoteza maji na chumvi, na matumbo huzizoea. Ukitapika mfululizo au maumivu yakizidi, nenda hospitali.

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja. Nina mwaka mmoja tangu nipone, na Ramadhani inakuja. Mama anasema nifunge, nimeshanenepa. Mimi naogopa, maana njaa ya mchana ndiyo ilikuwa inanipa raha wakati ule.

Waalaykumu salaam. Ahsante kwa sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndani yake mna jibu. Kama njaa yenyewe ilikuwa raha ya ugonjwa, saum inaweza kuufungulia mlango hata kama nia yako ni ibada tupu. Maradhi haya hayasomwi kwenye mashavu. Mtu aliyenawiri anaweza kuwa bado anapigana ndani.

Qur'ani imemruhusu mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine. Imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Fanya hivi: pata kauli ya daktari au mtaalamu anayekufuatilia, uipeleke kwa sheikh unayemwamini, na mama awepo mkikaa. Umweleze kwamba ni ugonjwa, usiuite uchaguzi wa chakula. Ukiambiwa hufungi, bado una Qur'ani, tarawehe, sadaka, na kuwaandalia wenzako futari. Mchana ule kwa wakati wako, faragha ukipenda, lakini ule. Ukiruhusiwa kufunga, asiwepo mtu wa kukuachia futari ya tende na maji tu: ule chakula kamili, ule tena baada ya tarawehe, na daku usiikose. Siku utakayojikuta unafurahia kuruka daku, mwambie mtu siku hiyohiyo. Nawaambia hivyo na ndugu Wakristo wanaoniandikia kuhusu Kwaresima na ile mifungo ya siku 21.

Kaka wa Mombasa hapa. Nilikuwa nakula sana kisha najitapisha. Nimeacha. Sasa niko jimu kila siku, wakati mwingine mara mbili, na mwalimu ananipangia wiki za kujaza na wiki za kukausha mwili. Kuna siku moyo unaruka. Protini ya unga itanisaidia?

Kaka, moyo kwanza. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu, moja ya chumvi za damu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupoteza mpangilio wake. Umeacha kutapika, lakini moyo unaruka bado, basi usiinue kitu chochote mpaka umepimwa damu na umeme wa moyo, wiki hii. Vinywaji vya kuongeza nguvu na unga wa kunywa kabla ya mazoezi viache kabisa. Ukizimia au ukipata maumivu ya kifua, ni hospitali wakati huohuo.

La pili linaniumiza kulisema: kujaza na kukausha ni tatizo lako la zamani limerudi likiwa limevaa raba. Mwili ulioteseka na kushiba na kunyimwa hauhitaji mzunguko mwingine wa namna hiyo. Jiulize kama siku ukikosa jimu unaona hatia, kama unakwenda hata ukiwa na homa, kama unainua vyuma ili kulipia chapati ulizokula. Ukijibu ndiyo, mweleze mtaalamu wa afya ya akili kama ulivyoniambia mimi. Wanaume wengi hawaendi kwa sababu wanadhani haya ni maradhi ya wasichana.

Moyo ukiwa salama, siku mbili au tatu za vyuma kwa wiki zinatosha kujenga misuli, kwa sababu misuli hukua wakati wa kupumzika. Protini utaipata kwenye mayai, samaki, maharage, kuku. Unga si wa lazima.

Mimi ni mama wa Dodoma. Binti yangu wa miaka 17 alikaa karibu wiki mbili kwa maji na vipande vya matunda. Tangu juzi anakula, nimefurahi mno, ila miguu imevimba na amelegea sana. Nimpe nini?

Mama, mpeleke hospitali leo, hata kama anasema yuko sawa. Mtu aliyekaa na njaa akianza kula, mwili huvuta chumvi za fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa haraka, na zikipungua sana moyo, mapafu na ubongo vinaweza kushindwa. Hatari kubwa iko siku za mwanzo, ndipo mlipo. Miguu kuvimba peke yake huweza kuwa maji tu yanayopita yenyewe, lakini pamoja na kulegea hivyo hatubahatishi.

Usimnyime chakula mkiwa njiani, mpe kidogokidogo. Usimmiminie glukosi wala soda ili apate nguvu. Mkifika, usiseme tu kwamba miguu imevimba. Sema: "Hajala kwa wiki mbili, ameanza kula juzi," na uombe wapime chumvi hizo tatu pamoja na moyo, na uulize kuhusu vitamini B1. Kama alikuwa anajitapisha au kunywa dawa za kuharisha, daktari lazima ajue; muulize kwa upole, mkiwa wawili. Shangazi na majirani wakija kumtazama, wazuie wasimwambie amekwisha wala amenawiri. Mkirudi nyumbani niandikie, tupange milo yake pamoja.