Meza ya Dadu: Wachezaji wamepatana na adui, hadithi ielekee wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: wachezaji wamechagua kitu ambacho mwongozaji hakukitarajia, sasa afanyeje? Nimechukua nne. Kwa msomaji mgeni, hapa tunazungumzia michezo ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons. Mtu mmoja, mwongozaji, anausimulia ulimwengu na kuwaigiza wote wanaoishi humo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, dadu linaamua.

*Mwalimu, shikamoo. Naongoza meza ya vijana wanne. Tunacheza Lost Mine of Phandelver, kisa kilichokuja ndani ya boksi la wanaoanza la mwaka 2014. Kwenye pango la gobilini, wale viumbe wadogo wakorofi, nilijiandaa kwa vita. Badala yake wachezaji wameongea na Yeemik, yule naibu, wakakubali kumletea kichwa cha mkubwa wake, Klarg, ili amwachie mateka wake, Sildar. Kichwa wamekileta. Yeemik akadai na pesa juu yake, kama kitabu kinavyosema, nao wakalipa. Sasa Yeemik ndiye mkubwa, pango limejaa gobilini hai, na mchezaji wangu mmoja anamwita shemeji. Hadithi imeharibika?* (Mwongozaji, Kinondoni)

Marahaba, mwanangu. Haijaharibika hata kidogo. Mpaka hapo mlikuwa mnacheza kisa cha kitabu, na kuanzia hapo mnacheza cha kwenu.

Kitabu kimekupa kitu kinachokutosha: kimekuambia Yeemik anataka nini. Alitaka kiti cha Klarg, na wachezaji wako wamempa. Sasa jiulize, mtu aliyepata cheo kwa kichwa cha mwenzake analala vipi usiku? Juu yake yuko Mfalme Grol kule Cragmaw Castle, ambaye gobilini wa pango lile wanamtumikia, na Klarg alikuwa mtu wa Grol. Habari zitamfikia. Yeemik ana njia mbili. Akimbilie kwa Grol kujisalimisha na kuwataja wachezaji wako mmoja mmoja, kwa sura na silaha zao, au ajiandae kwa ugomvi na atafute wa kumsaidia. Mimi ningeangalia waliachana vipi. Wamelipa fidia bila kelele, kwa hiyo Yeemik amejifunza kwamba watu hawa wanalipa. Mezani kwangu angemtuma mjumbe Phandalin, mji wanakofikia wachezaji, kabla hawajamaliza kunywa bia yao ya kwanza, akitaka pesa nyingine "za ulinzi". Huyo anayemwita shemeji mpe ujumbe huo mkononi, umtazame atafanya nini.

Tazama pia walichookoa. Sildar yu hai, na Sildar anabeba jina: Iarno Albrek, mwenzake aliyetumwa Phandalin kisha akapotea. Anawaomba wamtafute. Baadaye watakapoingia kwenye maficho ya Redbrands, lile genge linalouonea mji, watamkuta kiongozi anayeitwa Glasstaff, mchawi mwenye fimbo ya kioo, na watagundua kwamba ndiye Iarno mwenyewe. Sasa fikiria meza nyingine. Wale walikataa mapatano, wakashambulia, na Sildar akafia pale pangoni. Kuhusu Gundren, tajiri wao aliyetekwa, bado wataweza kuwabana gobilini wakaambiwa amepelekwa kwa Grol. Lakini habari za Iarno hakuna wa kuwapa mapema. Watafika kwenye chumba kilekile, kwa mtu yuleyule mwenye fimbo ileile, na watamwona ni mchawi mwingine tu wa kupigwa. Meza yako itasimama mlangoni na kuuliza: tumuue, tumfunge, au tumpeleke kwa Sildar amtazame usoni? Hawakupata chumba kipya wala adui mpya. Wamepata swali ambalo wenzao hawatalipata kamwe, na wamelipata kwa sababu ya uamuzi wao wenyewe.

Ndiyo maana nawasihi waongozaji wapya waache kuandika miisho mitatu kabla ya mchezo, kwamba wakifanya hivi itakuwa hivi. Wachezaji watafanya la nne. Andika watu wako wanataka nini, na watafanya nini kama hakuna wa kuwazuia. Kwa Yeemik, Grol na yule anayejiita Buibui Mweusi, adui mkuu wa kisa hiki, mistari miwili kila mmoja inatosha. Basi wachezaji wakisukuma popote, unajua nani ataguswa na atajibu vipi.

Na usiogope kwamba kitabu kimekuishia mkononi. Michezo hii ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi za Napoleon, katika mji wa kubuni aliouita Braunstein. Mbali na makamanda wa majeshi, aliwapa wengine nafasi za raia wa mjini, kila mmoja na haja yake. Vita havikufika. Watu walitawanyika wakawa wananong'onezana na kupatana wenyewe kwa wenyewe, na wawili wakamjia wakisema wanakwenda kupigana ana kwa ana, naye hana kanuni ya jambo hilo. Wesely aliona mchezo umeshindikana. Waliocheza wakamwomba awaandalie mwingine. Katika kundi lake alikuwemo Dave Arneson, aliyekuja kuanzisha ulimwengu wa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Kwa hiyo mchezaji anayekwenda nje ya mpango wako hauvunji mchezo, anaucheza kama ulivyoanza.

*Asalaam aleikum mwalimu. Tulikuwa na njia mbili, ya msituni na ya ufuoni. Tukachagua ya ufuoni. Tukakutana na majambazi, na nikaona karatasi ya mwongozaji imeandikwa: "majambazi, popote watakapopita." Je, huo si udanganyifu?* (Mchezaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Inategemea mlijua nini mlipochagua. Kama njia zote mbili zilikuwa jina tu, hamkumwuliza mtu wala hamkupeleleza, basi hamkuchagua, mlibahatisha. Mwongozaji aliyejiandaa na majambazi baada ya siku nzima kazini ana haki ya kuwatumia.

Lakini kama mlimwuliza mvuvi, akawaambia msituni kuna majambazi, nanyi mkaamua kuzunguka ufuoni mkijua mtachelewa siku mbili, hapo mmelipa. Majambazi lazima wabaki msituni. Wala hawatakaa bure. Watamvamia mwingine aliyepita huko, na kesho mtayakuta mabaki ya msafara wake sokoni, bidhaa zenye damu zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Hayo ndiyo matokeo ya kuchagua ufuo, na yana uzito kuliko vita mlivyovikwepa. Zungumza naye pembeni, bila kumwaibisha mbele ya wenzenu. Na karatasi zake usizisome, kwa ajili ya raha yako mwenyewe.

*Shikamoo mwalimu. Tuko watano hapa Lamu, tunataka kucheza kisa cha Fumo Liyongo badala ya majumba ya Kizungu. Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu amekisikia tangu utotoni. Tunajua anakufa, tunajua kwa sindano ya shaba kitovuni, tunajua ni mwanawe. Wachezaji watachagua nini?* (Mwongozaji, Lamu)

Marahaba, na hongera. Barua hii nimeisoma mara nyingi kwa furaha.

Kwanza, asiwepo mchezaji wa kumwigiza Liyongo. Yeye ni mkubwa mno kwa meza. Nguvu zake, mashairi yake na kifo chake vyote vimeshasemwa. Wape wachezaji watu wa kando yake, wale ambao hadithi inawapita haraka.

Anzia gerezani Pate. Kumbukeni kisa: mtawala anamwogopa Liyongo kwa ajili ya kiti chake, amemfunga. Mama yake anamletea chakula kizuri kila siku kwa mkono wa Saada, mjakazi, na askari wanakila. Ndipo Liyongo anamtungia Saada maneno ya kumpelekea mama: aoke mkate wa pumba, na ndani yake atie tupa. Askari wanaudharau mkate wa pumba, wanampa. Usiku wa gungu, ngoma ya sherehe, vigoma vikilia, anakata minyororo na askari hawasikii.

Sasa waweke wachezaji wako kwenye jiko la mama yake. Mmoja ni Saada. Mwingine mhunzi mwenye tupa. Mwingine mpiga ngoma aliyealikwa kwenye gungu, na wa nne askari wa zamu mwenye moyo mzito. Kila kitu ambacho hadithi inakisema kwa beti chache kinakuwa uamuzi. Je, Saada anajua kilichomo ndani ya mkate, au mama anamficha ili akishikwa asiwe na la kusema? Wakichagua kumwambia, atatembea akitetemeka na askari ataona. Wakichagua kumficha na askari akaumega, Saada ataadhibiwa kwa jambo ambalo hakukubali kulibeba. Je, wakioka mkate mzuri kwa huruma, kwa kuwa mfungwa ana njaa? Askari watautafuna na tupa itawavunja meno. Nataka uone jinsi kila njia inavyotokana na haja ya mtu fulani: njaa ya askari, hofu ya mama, uhai wa Saada.

Liyongo asipotoka usiku ule, usimtoe kwa nguvu. Mwache ndani, gungu lingine litapigwa, na sasa mtawala ameshajua kwamba kuna watu nje wanaomsaidia. Mmeshaanza kisa ambacho hakuna aliyewahi kukisimulia.

Kisha sehemu ya mwana. Ameahidiwa binti wa mtawala na cheo, iwapo atapeleleza siri ya baba. Wachezaji wawe rafiki zake. Usiwaulize kama wanaweza kumzuia, waonyeshe anachokitaka: nyumba ambamo hataitwa tena "mwana wa Liyongo" na kukomea hapo. Wakimpa njia nyingine ya kukipata, huenda sindano isinunuliwe kabisa. Wakimtisha, atakwenda bila kuwaambia, na watasikia habari kama mji mzima ulivyosikia.

Na kama meza yako inapenda kifo chake kibaki kama wazee walivyokihadithia, bado uchaguzi upo, tena mkubwa. Liyongo aliyechomwa alijikongoja hadi kisimani, akapiga goti akiwa amevuta upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wakadhani yu hai, hakuna aliyethubutu kuteka maji. Mji ukakaa na kiu mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza kwa maneno, na mwili ukaanguka. Waweke wachezaji wako wawe wa kwanza kusogea karibu. Wanaona macho yake, wanajua. Wakiutangazia mji, watu watakunywa, na mtawala atalala usingizi siku hiyohiyo. Wakinyamaza, mtawala ataendelea kutetemeka, na watoto wataendelea kulilia maji. Kila siku ya ukimya ihesabu kwa sauti, taja nyumba ambayo mtungi wake umekauka. Usiwasaidie kuamua. Mtawala naye asikae kungoja: siku ya pili atatuma watu kisimani usiku, na wachezaji watalazimika kuwapisha au kuwazuia.

Nakuomba uniandikie mlichofanya.

*Mwalimu, za leo. Kampeni, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, ikiwa katikati, wachezaji hunibana niwaambie ingekuwaje kama wangechagua vingine. Niwaambie?* (Mwongozaji, Arusha)

Nzuri. Hapana, kampeni ikiwa inaendelea usiwaambie. Meza yangu ya Jumamosi hapa Tanga walikwenda Thundertree, kijiji cha magofu katika kisa kilekile cha Phandelver, kumpiga Venomfang, joka la kijani. Lilipobakiwa na nusu ya uhai lilitoka kwa juu ya mnara likaruka zake, kama kitabu kinavyoelekeza. Muuguzi wetu, ambaye mhusika wake ndiye aliyeshauri waende, aliniuliza hadi kwenye daladala: tungeliacha, lingetudhuru? Sikumjibu, kwa sababu jibu lolote ningelibuni papo hapo, naye angelibeba kama hukumu. Nilichokuwa nacho cha kweli ni joka lililojeruhiwa, linalokumbuka harufu zao. Hilo nililitumia, na lilipopita juu ya paa za Phandalin hakuna aliyeuliza tena kuhusu ile njia nyingine. Walikuwa wanawatoa watu ndani ya nyumba.

Kampeni ikiisha, kaeni na chai, waambie yote. Waonyeshe daftari lako na haja za watu ambao hawakukutana nao. Wakiona kwamba yule mvuvi waliyempita bila salamu alikuwa na jina na kisasi chake, kampeni ijayo watasalimia kila mtu.