Jibu: Lucha Underground, nianzie wapi na niruke nini?

Mkuu, umeuliza kama hadithi za Lucha Underground, kipindi cha televisheni cha mieleka ya Kimarekani chenye hadithi za kubuni, zinaharibu mieleka yake. Msimu wa kwanza, ule ulioanza 2014, haziharibu hata kidogo. Tazama wote, usiruke kitu.

Ukitaka ushahidi, nenda kwenye pambano la jeneza (anayemfungia mwenzake ndani ya jeneza ndiye mshindi) kati ya wanamieleka Fenix na Mil Muertes. Mil Muertes walimjenga kama mtoto aliyefukiwa na kifusi cha tetemeko la Mexico la 1985, akaachwa hai katikati ya maiti za ndugu zake. Fenix naye ni mtu wa maisha elfu. Kisha Catrina, mwanamke anayemsimamia Mil Muertes, anamwacha na kwenda kwa Fenix. Kwa hiyo Fenix anapopigwa hadi kinyago kinachanika na damu inamtiririka, unajua kila pigo linatoka wapi. Mimi nililirudia mara tatu, na mpaka leo linanisisimua.

Tazama pia pambano la Pentagon Jr. na Vampiro, mtangazaji wa kipindi, lile la mwisho wa msimu. Ni la kikatili mno, lakini siri ya nani ni bwana ambaye Pentagon amekuwa akimtumikia inafichuka palepale ulingoni, baada ya kipigo. Hivyo ndivyo hadithi inavyotakiwa kumalizwa.

Msimu wa pili ndipo nilipoanza kukasirika. Mwanamieleka jitu Matanza anaingia wa mwisho kwenye Aztec Warfare, pambano la watu wengi wanaoingia mmoja mmoja, anawafagia wote na kubeba mkanda uliokuwa wa Fenix. Jitu lisiloumia halina mvuto, na Fenix alistahili muda zaidi kama bingwa.

Wa tatu una sehemu 40, umevutwa mno. Chagua mapambano tu.