Umeniuliza mimi wa kweli ni yupi

Mdogo wangu, sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza ndani ya basi nikitoka kazini, mbili nimeshalala na usingizi umekataa. Unasema wenzako pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni mnapokaa, wananijadili. Kwamba nilipokuja Lamu mwaka wa 2022 nilikuwa yule yule wa zamani, kanzu na kofia, salamu kwa kila mzee kutoka gatini mpaka mtaa wa Langoni, lakini kwenye simu nimekuwa mtu mwingine: nakata maneno, napotea wiki mbili, nikiombwa kitu nauliza maswali. Ukamaliza kwa kuuliza: "Sasa wewe wa kweli ni yupi? Na mimi nije huko, au nisije?"

Nitakujibu yote mawili, bila kuremba.

Nianze na sahani. Siku ya pili tangu nifike, wageni walikuja kunisalimu, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipomaliza niliinuka, nikakusanya sahani tatu, nikashika njia ya jikoni. Mama akanikuta mlangoni akazishika upande wa pili. Hakuvuta. Alizishika tu, akaninong'oneza: "Ziweke mwanangu, watu wanakuona." Vidole vyake vilikuwa na hina mbichi, ameipaka kwa ajili ya ujio wangu. Nikaziachia. Nikarudi mkekani nikaendelea kuwahadithia watu habari za Uingereza, na mimi wakati ule nina miaka saba napika mwenyewe, nafua mwenyewe, na kazini nawaogesha wazee wa watu na kuwavalisha soksi. Hapakuwa na aliyenilazimisha kukaa. Na usidhani nilikaa kwa kuigiza. Nilipokaa, nilijihisi ni mimi. Hilo ndilo lililonisumbua usiku ule, kwamba sikuhisi uongo wowote.

Kwetu mtu haulizwi wewe ni nani, anaulizwa wewe ni wa nani. Ukipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu, kuna mzee anayejua babu yako alikuwa baharia wa jahazi gani na alimwoa nani mara ya pili. Ukivuta sigara nyuma ya ngome saa nne, saa sita mama amepata habari, na amezipata kwa mtu anayekupenda. Mimi nilikulia ndani ya macho hayo nikadhani nimezaliwa na adabu. Nilidhani heshima yangu, sauti yangu ya chini mbele ya wakubwa, hata mwendo wangu, ni vitu vyangu. Sasa najua kuna vilivyokuwa vyangu, na kuna vilivyokuwa vimeshikiliwa na watu, kama boriti zinavyoshikilia dari. Sikuwa na njia ya kuvitenganisha mpaka watu wenyewe walipoondoka.

Kwanza waliondoka kidogo. Unakumbuka nilivyokwenda Mombasa kusoma. Mwezi wa kwanza nilimwita mwenzangu, "Ndoo hapa," darasa zima likacheka, likaniuliza ndoo ya nini, ya maji? Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Mpaka muhula unakwisha "ndoo" imekuwa "njoo", "moya" imekuwa "moja", "nakuya" imekuwa "nakuja". Hapakuwa na mwalimu aliyenisahihisha. Niliporudi likizo bibi akaniambia nimeanza kusema kama watu wa redio. Kwa hiyo mkisema ughaibuni ndiko kulikonibadilisha, mimi nasema nilianza kubadilika mara tu nilipovuka maji kwenda Mokowe kupanda basi.

Lakini Leicester, mji wa Uingereza nilikohamia, ilikuwa kitu kingine. Ramadhani yangu ya kwanza huku iliangukia Juni 2015. Mwezi huo jua linatua saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa tisa usiku daku limekwisha. Nilikuwa kwenye ghala la bidhaa, zamu ya mchana, napanga maboksi. Siku ya tisa, kwenye mapumziko ya saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu kama la saa kumi kwetu, nilikwenda kwenye bomba, nikajaza maji kikombe cha plastiki, nikanywa. Sikuwa mgonjwa, sikuwa msafiri. Kiu ilinishinda. Nilipomaliza nikageuka kwa ile hofu unayoijua, kuangalia nani ameniona. Ndani ya chumba kulikuwa na watu zaidi ya kumi. Mmoja ana simu yake, wawili wanazungumza habari za mpira, mwanamke mmoja anachezea kijiko. Hakuna aliyeinua uso. Nikabaki na kikombe mkononi.

Mdogo wangu, sijawahi kuwa mpweke kama dakika ile. Nilijiuliza: miaka yote niliyofunga Lamu, ambako mchana wa Ramadhani hata mtoto wa miaka saba anakuuliza umefunga au hukufunga, nilikuwa namfungia nani? Maalim wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha neno riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone, tukalikariri pamoja na mifano yake. Sikuwahi kudhani mfano wa kwanza ningekuwa mimi.

Siku ile nimeilipa. Lakini sitakudanganya kwamba baada ya hapo nilisimama imara kwa imani yangu peke yangu. Kilichonisimamisha ni macho mengine. Kwenye zamu yetu kulikuwa na mzee wa Kisomali, mtu wa maneno machache, na kumbe yeye aliniona. Hakuniambia kitu. Kesho yake saa tatu na nusu usiku alikuja na tende nne ndani ya karatasi laini, akaweka mbili juu ya boksi nililokuwa nalifunga, akasema tufuturu pamoja. Basi. Ramadhani nzima iliyobaki tulifuturu pamoja, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza. Nimemfikiria sana yule mzee. Yeye pia alikuwa ananitazama, na mimi nilibadilika kwa sababu ananitazama, lakini mbele yake sikuhitaji kujificha, maana kibaya changu alishakiona.

Baadaye nilipochukua masomo ya jioni ya kuhudumia wazee, mwalimu alitueleza jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, la mwaka 1951. Kijana wa chuo anaingizwa chumbani na wenzake. Wanaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, kila mmoja aseme kwa sauti ni upi unaolingana na ule wa kwanza. Jibu liko wazi, hata mtoto angelipata. Ila wale wengine wote wamepangwa, na kwa zamu wanataja jibu lisilo sahihi. Zamu inamfikia yeye. Robo tatu ya vijana wale, angalau mara moja, waliyakataa macho yao wakasema walichosema wengine. Darasani watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu pale pale niliiona daka yetu.

Kabla sijaondoka, kila aliyerudi kutoka Ulaya au Uarabuni alikaa pale akasema kuzuri. Nilipofika huku nikaona mstari ni mfupi. Zamu yangu ilipofika mwaka 2022, nikasema ni mrefu.

Yale mabegi manne niliyoshuka nayo gatini, hamali akayapanga kwenye mkokoteni na watu wakayahesabu, niliyanunua kwa deni. Nilijua yatahesabiwa. Pauni 2,300 kwa kadi ya benki, na nimezilipa kwa miezi kumi na tisa pamoja na riba, mimi mtoto wa nyumba yetu, kulipa riba. Lile gari jeupe nililoliegemea pichani ni la jirani. Ule ukimya wa wiki mbili mbili ulikuwa wiki ambazo sikuwa na cha kutuma, na kupiga simu mikono mitupu nimeshindwa kujifunza mpaka leo. Nikiombwa nauliza maswali kwa sababu naogopa kusema sina. Hakuna Mwingereza anayenisukuma hivyo. Hapa mtaani nikivaa kikoi nikatoka kutupa taka, hakuna anayeniangalia mara mbili. Msukumo mkubwa wa maisha yangu ya huku unatoka huko, kwa watu ninaowapenda, na nusu yake nimejibebesha mwenyewe.

Ndiyo maana swali lako la pili limenitia uchungu. Unataka kuja kwa sababu ya mabegi yangu.

Basi sikiliza mambo yalivyo. Njia uliyoitaja, ya viza ya kuhudumia wazee, imefungwa: tangu 22 Julai 2025 Uingereza haipokei tena maombi mapya ya wahudumu kutoka nje. Na hata ilipokuwa wazi, kuanzia 11 Machi 2024 mhudumu alikuwa haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Kwa hiyo huyo wakala wa Mombasa anayekuambia tangulia na pesa ya fomu, usimpe hata shilingi. Mshahara wa kazi zetu ulianzia pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025, na ukiugeuza kwa shilingi unapagawa, ila hapa haugeuzwi. Unalipa chumba, unalipa kodi ya serikali, unalipa gesi mwezi wa Disemba ambapo saa kumi jioni ni usiku, na kinachobaki ndicho mnachokiona. Ukipata nafasi ya masomo au kazi yako ya ufundi kwa njia iliyonyooka, njoo, chumba changu kina nafasi ya godoro. Ukija ili uje kuonekana umekuja, nakuomba kwa jina la mama zetu, kaa.

Wa kweli ni yupi? Yule aliyekaa mkekani ni mimi. Aliyekunywa maji ghalani ni mimi. Anayewaogesha wazee wa Kiingereza kwa upole ni mimi pia, na upole huo nimeutoa kwa bibi, tulipokuwa tukimshika mkono kumshusha ngazi. Sina mwingine wa nne niliyemficha. Ila nataka wapungue wale ninaowabadilisha kila nikibadilisha chumba, na siwezi kuwapunguza peke yangu.

Kuna jambo moja mwalimu yule alilisema mwisho, watu wakikusanya mabegi yao. Kwamba ndani ya kile chumba cha jaribio la mistari, akipatikana mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla ya zamu ya yule kijana, kufuata kwake uongo kunashuka sana. Mmoja tu anatosha.

Mwakani nikijaaliwa nitakuja Mfungo Sita, tuwahi Maulidi. Nitashuka na begi moja. Wakiuliza dakani, waambie nimekuja na begi moja kwa sababu hilo ndilo nililonalo. Na wageni wakishakula nitainuka na sahani. Mama atakuja mlangoni, namjua. Ukiniona nimesita, inuka na wewe, uchukue mbili.