Kadi za kila namna sandukuni: ni mkusanyiko au ni jaa?

Swali: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 43. Tangu ujana wangu nakusanya kadi na stika za wachezaji, na sasa zimefika kiasi cha mia sita. Nyingi ni za mpira wa miguu, za Uingereza, Hispania na Ubelgiji, ikiwemo moja ya Mbwana Samatta alipokuwa Genk. Lakini zimo pia za mpira wa kikapu wa Marekani, chache za tenisi, na kumi na mbili za kriketi ambazo marehemu babu yangu aliziacha katika kijaluba cha bati. Moja ni ya Bradman na nyuma yake pameandikwa 1938. Mdogo wangu aliyeko Unguja hukusanya klabu moja tu, na kila akija Pemba hulifunua sanduku langu akasema ni jaa. Ananishauri niuze zote, fedha nitakazopata nikamilishie albamu moja yenye maana. Je, nimfuate?

*Mwalimu wa Wete*

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Usiuze. Nimelitanguliza neno hilo ili uyasome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Mdogo wako hana kosa kushika klabu moja, kwa kuwa hiyo ni ladha yake na ina raha yake. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba mkusanyiko wenye maana ni ule uliokamilika tu. Hapa kwetu hakuna mtu anayemwendea mama mwenye doti thelathini za kanga sandukuni akamwambia angechagua jina moja, akazinunua zote thelathini za jina hilo. Mama yule anajua kila doti ilikuja lini, kwa harusi ya nani, na jina lake lilimlenga jirani gani. Wewe nawe, katika barua fupi uliyoniandikia, umeweza kunieleza kijaluba cha babu na Samatta wa Genk. Mwenye jaa hajui kilichomo jaani.

Na hiyo albamu moja ina hesabu yake, ambayo naona mdogo wako hajaipiga. Albamu ya Panini, kampuni ya stika, ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 ilikuwa na stika 670, nazo ziliuzwa katika pakiti za stika tano tano. Tukichukulia kwamba kila stika ina bahati sawa ya kutoka, mtu asiyebadilishana na yeyote angehitaji kwa wastani stika 4,700 na ushei, yaani pakiti zaidi ya 900. Nusu ya kwanza ya albamu hujaa upesi, kwa stika kama 460 tu. Lakini ile nafasi moja ya mwisho, peke yake, hudai kwa wastani stika 670 nyingine. Walioko Modena, mji wa Italia ambako Panini ilianzishwa mwaka 1961, au walioko London, hukutana na wenzao wakabadilishana marudio yao, yaani zile zilizowatokea zaidi ya mara moja, na mzigo ukapungua sana. Wewe uliyeko Wete, ambaye pakiti zako huja mkobani mwa jamaa atokaye Muscat au Dubai, utabadilishana na nani? Kisiwani kwetu, kukusanya kwa mchanganyiko ni ladha na pia ni busara ya mfukoni, kwa sababu kila kadi inayoingia ni mpya kwako na hakuna inayopotea bure.

Ama "maana" ikikusudiwa bei, hapo pana kisa kimoja. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Marekani ilitoa kadi 407 za wachezaji wa besiboli, na zile zilizotoka mwisho mwisho wa msimu hazikununuliwa. Sy Berger, ambaye ndiye aliyezibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 makasha ya kadi zilizosalia yalipakiwa kwenye tishari yakaenda kumwagwa katika bahari ya Atlantiki, kwa kuwa hakuna aliyezitaka hata kwa bei ya kutupa. Miongoni mwa kadi za kundi hilo la mwisho imo ya Mickey Mantle, na nakala moja ya kadi hiyo iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Ikiwa wenyewe waliozichapa hawakuijua kesho yake, mimi na mdogo wako tutaijulia wapi?

Sasa nirudi kwenye kijaluba, maana hapo ndipo penye utamu na nakiri nimekuonea wivu. Kadi za kriketi za 1938 alizozijua babu yako, kama ni zile za John Player & Sons, watengeneza sigara wa Nottingham, Uingereza, zilikuwa hamsini, na zilitiwa moja moja ndani ya pakiti za sigara ili mvutaji arudi dukani kutafuta iliyomkosa. Biashara hiyo ilikatika mwaka 1940 kwa uhaba wa karatasi wa wakati wa vita. Ichukue ile ya Bradman, uiweke mkekani kando ya kadi ya kisasa ya mpira wa kikapu, kisha uziangalie mbili hizo kwa dakika tano bila kusema neno. Ya kwanza ni nyembamba, ina upana wa kama sentimita 3.6 tu. Ya pili inang'aa, mchezaji yuko hewani, jasho linaonekana, na nyuma kumejaa takwimu ambazo babu yako angehitaji miwani miwili kuzisoma. Zote mbili zilitengenezwa kwa lengo lilelile la kumfanya mtu anunue pakiti ya pili. Mwenye klabu moja hawezi kuliona hilo, kwa sababu kadi zake zote zimezaliwa siku moja.

Fujo, hata hivyo, ipo, na dawa yake ni mpangilio. Kurasa za plastiki zenye mifuko tisa ni rahisi kuliko sanduku, na kila ukurasa uupe sababu yake. Mimi ninao ukurasa wa walinda mlango peke yao: kuna wa kadi za sigara za miaka ya 1930, kavaa sweta zito na mikono mitupu, na kuna wa leo ambaye glavu zake ni kubwa kuliko kichwa chake. Ninao mwingine wa kaptula, na usinicheke. Kaptula za wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, katika kadi za 1986 zinaishia juu ya paja, na katika kadi za mwaka 2000 zimeshuka hadi magotini, na ukizipanga kwa miaka unaziona zikishuka kama pazia. Kwako wewe ukurasa wa kwanza ungekuwa wa Samatta. Anza na hiyo ya Genk, kisha umtafute akiwa Aston Villa, alikojiunga Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, na uache mifuko mitupu kwa safari zake nyingine. Mfuko mtupu nao unapendeza ukijua unamngojea nani.

Pengine utaona kwamba kadi za mbali zimekuzidi na za nyumbani hazipo. Hilo nililitatua kwa mkasi. Nilikata karatasi ya manila kwa kipimo cha kadi za kawaida, sentimita 6.4 kwa 8.9, kipimo ambacho Topps ilikianza mwaka 1957 na wengi wakakifuata, nikabandika picha ya gazetini ya Zanzibar Heroes wa 2017, wale waliofika fainali ya CECAFA huko Kenya wakafungwa na wenyeji kwa penalti. Nyuma nikaandika kikosi kwa mkono. Haina thamani ya hata shilingi moja na ndiyo ninayoionyesha kwanza mgeni akija. Tiketi ya Kombe la Mapinduzi ya Gombani au Amaan, ikikatwa vizuri, inastahili mfuko vilevile.

Kuhusu marudio, hayo mpe mdogo wako bila kinyongo, hasa yakiwa ya klabu yake. Huenda akiondoka nayo ataacha kulifunua sanduku.

Swali: Maalim, mwanangu ana miaka kumi na mbili, na kadi zake zimechanganyika kama za huyo mwalimu niliyesikia ukimjibu kwa simu mbele yetu. Zile zinazong'aa zimejikunja, za kawaida ziko sawa, na zote hukaa kabati moja. Bibi yake ametia karafuu humo ili wadudu wasiingie, naye mwenyewe huzifunga kwa raba. Tufanyeje kabla ya masika?

*Mama wa Mkunazini*

Jibu: Bibi amefanya kwa mapenzi, lakini karafuu zitolewe, kwa sababu mafuta yake huacha doa kwenye karatasi na doa hilo halitoki. Raba nazo zitolewe leo hii: huuma pembeni mwa kadi, na kwa joto letu huyeyuka zikagandana nayo.

Kujikunja kwa kadi zinazong'aa kuna sababu nyepesi. Upande mmoja una utando wa mng'ao usionyonya maji, na upande wa pili ni karatasi inayonyonya. Hewa ikiwa na unyevu karatasi hutanuka, utando hautanuki, na kadi ikajipinda kuuelekea utando. Kwa hiyo mkusanyiko wa mchanganyiko hautunzwi kwa namna moja. Kadi za mng'ao ziwekwe kila moja katika plastiki ngumu, kisha zilazwe chini ya kitu kizito kidogo. Stika zenye gundi nyuma, na kadi za zamani zenye gundi, zisigusane kamwe. Sanduku lote likae mbali na ukuta wa mawe, maana kuta za Mji Mkongwe hutoka jasho, na litiwe vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu, ambavyo watu huvitupa. Na tafadhali msizipeleke kwenye laminesheni. Nimeiona kadi nzuri ikiharibiwa hivyo na mwenye kadi akashukuru.

Swali: Nimeuziwa kadi ya Honus Wagner, yule mchezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani, sokoni kwa bei ndogo. Ni kubwa kama kadi za leo na inang'aa. Je, ndiyo ile ya mamilioni?

*Msomaji wa Chake Chake*

Jibu: Siyo, ndugu yangu. Ile ya mamilioni ni ya mfululizo wa T206, uliotiwa katika pakiti za sigara za Marekani kati ya 1909 na 1911, nayo ni ndogo, kiasi cha sentimita 3.7 kwa 6.7, na haina mng'ao wowote. Moja kati ya hizo za Wagner iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Yako ni chapa ya baadaye, lakini usiitupe, kwa kuwa mkusanyiko wa mchanganyiko una nafasi hata ya kadi ya namna hiyo. Andika neno "nakala" kwenye kipande cha karatasi, usiandike juu ya kadi yenyewe, ukitie pamoja nayo mfukoni, na siku ukiigawa kipande hicho kiende nayo.