Jibu: Kwa nini wakazi wa bondeni hawahami wakitangaziwa mafuriko?

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wa Jangwani, bondeni Dar es Salaam, husikia tangazo la mafuriko na bado wanabaki. Si ubishi. Ukisema "mafuriko ya miaka 100", aliyenusurika mafuriko ya Desemba 2011 anaona zamu yake imeshapita. Maana yake halisi ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ukikaa hapo miaka 30 unafika kama asilimia 26, yaani mara moja katika nne. Taja hiyo ya miaka 30.

Halafu piga mstari wa rangi ukutani pale maji yalipofika, mtoto asimame pembeni yake, watu waone. Tangazo litaje mtaa, saa, njia ya kupandia na pa kulala. Ukitisha bila kuonyesha pa kukimbilia, watu huziba masikio. Mjumbe wa shina alipeleke tangazo hilo mlango kwa mlango.