Uliza Ujibiwe: Tarehe ya Kumbukumbu Isomeke kwa Namna Moja Tu

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kumbukumbu za vikao naziandika katika Notepad, na kila ninapoanza hubonyeza kitufe cha F5 ili saa na tarehe viingie vyenyewe. Sasa rejesho moja limeandikwa 4/3/2025. Mwanachama anashikilia kwamba alilipa tarehe 4 Machi, lakini kijana anayejua kompyuta amesema hiyo ni 3 Aprili. Nifanyeje ili tarehe isilete ubishi?
Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, Notepad haina mpangilio wake wa tarehe, bali huazima ule wa Windows, na kompyuta nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, ambacho hutanguliza mwezi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, kisha fungua Additional settings. Katika sehemu ya tarehe fupi andika yyyy-MM-dd, na katika sehemu ya saa, fupi na ndefu zote mbili, andika HH:mm. Angalia sana ukubwa wa herufi, kwa sababu MM kubwa ni mwezi na mm ndogo ni dakika, na H kubwa huhesabu saa hadi 23 ilhali h ndogo huishia 12. Nakushauri utangulize mwaka badala ya siku, kwa kuwa 2025-04-03 ndiyo namna ya kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na haimwachii msomaji nafasi ya kukisia.

Mabadiliko haya yatagusa pia programu nyingine, kama vile Excel. Usipopenda hivyo, tumia Notepad++, ambayo ni ya bure na ina umbo lake la tarehe unaloliandika mwenyewe katika mipangilio. Tena inakuruhusu kutanguliza tarehe mbele ya saa, jambo ambalo Notepad haikubali.

Wapo wanaorudisha nyuma saa ya kompyuta ili kikao cha saa 8 mchana kisiandikwe 14:00. Tafadhali usifanye hivyo, kwa maana saa za mafaili yote zitapotoka. Acha 14:00 ibaki, na ukipenda andika pembeni kwa mkono wako "saa 8 mchana".

Kuhusu rejesho lenyewe, mpangilio mpya hautalibadilisha, kwa sababu faili la maandishi matupu huhifadhi herufi zilizoandikwa tu, wala halijui kwamba hizo ni tarehe. Hata hivyo ushahidi unaweza kuwa humo humo. Tafuta katika faili tarehe yenye namba inayozidi 12: ukikuta 3/20/2025, basi kompyuta ilikuwa ikitanguliza mwezi, na ukikuta 20/3/2025, mwanachama wako yuko sahihi, mradi tu mpangilio haukubadilishwa katikati. Angalia pia maandishi yaliyo juu na chini ya rejesho hilo, kwani kama umekuwa ukiandika kwa mfuatano, vikao vya jirani vitaonyesha mwezi. Ukishathibitisha, usiifute tarehe ya zamani. Andika iliyo sahihi kando yake, mbele ya mwanachama huyo na mweka hazina, kwa kuwa hizo ni fedha za watu.